Ndugu wa Ziwa Moja

Juzi nilikwenda Shangani kumtazama shoga yangu mgonjwa, na wakati wa kurudi miguu yangu, ambayo siku hizi hainisikii, ikanipeleka mpaka mbele ya nyumba ile. Mlango ulikuwa wazi. Sasa ni ofisi, ya nini sijui, na kijana aliyekaa ndani aliniamkia vizuri, akaniuliza namtafuta nani. Nikamwambia namtafuta mtu aliyekatwa kichwa. Maskini, akadhani bibi kizee kapotewa na akili, akaniletea kiti na maji ya kunywa. Niliyanywa huku nikizitazama ngazi nyuma ya mgongo wake, nikaondoka kabla machozi hayajanitoka mbele ya mtoto wa watu.

Wewe rafiki yangu sitakufanyia mzaha kama niliomfanyia yule. Nitakueleza yote, maana nikifa mimi hapana mwengine wa kukueleza.

Nyumba ile, nilipokuwa mtoto, ilikuwa ya Mwingereza mmoja mkubwa katika ubalozi wao. Sisi tukimwita Bwana tu. Hakuwa Mzungu wa kuokota. Kwao Ulaya walikuwa watu wa kutawala tangu enzi na enzi: babu yake alikuwa waziri, na baba yake alikaa katika baraza kuu la nchi yao kwa haki ya kuzaliwa, kiti kikirithiwa kama sisi tunavyorithi shamba la mikarafuu. Bwana mwenyewe alikuwa mrefu, mpole, mwenye pua nyembamba, na Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, kisafi mno, kama nguo ambayo haijapata kuvaliwa.

Mama yangu aliingia nyumba ile kwa ajili ya maziwa. Mke wa Bwana alijifungua mtoto wa kiume wakati wa masika, akashikwa na homa, na maziwa yakamkauka. Kichanga kikapewa maziwa ya ng'ombe, kikatapika; kikapewa ya mbuzi, kikatapika; kikabaki mifupa na macho. Siku zizo hizo mama yangu alikuwa amemzika mtoto wake mchanga, ndugu yangu wa mwisho, aliyechukuliwa na ndui. Baba alikuwa keshatangulia. Mama alikuwa akikaa uani akiyakamua maziwa yake juu ya majivu, na kila akikamua analia, nami nikilia kwa kumuona yeye. Mkunga wa mtaa wetu wa Mkunazini ndiye aliyekuja na habari ya kichanga cha Wazungu. Mama akasimama hapo hapo kutafuta kanga yake. Bibi akamzuia.

Bibi, mama yake baba, ndiye aliyekuwa mwanamume wa nyumba yetu. Alikuwa mwembamba, mwenye barakoa nyeusi na ulimi kama wembe. Tulikuwa maskini wakati ule, lakini nasaba yetu aliishika kwa moyo, fulani bin fulani bin fulani, mpaka kwa yule aliyetoka Arabuni na upanga baada ya kumuua binamu yake kwa ajili ya maji ya shamba. Akiisoma kila Alkhamisi jioni huku anasafisha mchele, na mimi namwitikia. Na kwa Bibi, kama kwa watu wote wa mji huu wakati ule, maziwa hayakuwa chakula tu. Mtoto aliyenyonya ziwa lako ni mwanao, na wanao ni ndugu zake, haoi kwako wala haolewi, na damu yake ni haramu kwako kama damu ya aliyetoka tumboni mwako.

"Hapewi mtu udugu gizani," alisema. "Ntakwenda kwanza nimjue ni nani."

Basi tulikwenda, yeye mbele na mimi nimeshika ncha ya kanga yake. Bwana alikuja mlangoni macho mekundu kwa kukesha, akafikiri Bibi amemleta mnyonyeshaji. Bibi akamwambia hapana, amekuja kuuliza ukoo wa mtoto. Mzungu mwengine angemfukuza. Yule akamtazama kidogo, kisha akasogea pembeni, akamuonyesha ngazi.

Ukutani, kila vidaraja kadhaa, palitundikwa picha ya mzee wake mmoja. Alisema picha zenyewe ni kubwa kuliko mlango na ziko kwao. Hizi ni nakala ndogo. Tukapanda polepole, Bibi akisimama mbele ya kila mmoja kama hakimu.

"Huyu alikuwa mshauri wa mfalme," Bwana akasema.

"Kafa vipi?"

"Mfalme alimkata kichwa."

Bibi akatikisa kichwa chake mwenyewe, akapanda. Mwengine alikwenda na jeshi kisiwa cha jirani yao, akavichoma vijiji na mavuno, hata watu wakala majani. Mwengine aligombana na rafiki yake karamuni kwa neno moja, na alfajiri wakapigana bastola. Rafiki akafa, yeye akafanywa waziri. Mwengine alikwenda Bara Hindi, na walipoasi askari wa huko aliwafunga kwenye midomo ya mizinga, mmoja mmoja, akaamrisha ipigwe. Bwana aliyasema yote haya kwa sauti moja, hakuficha hata kimoja. Nafikiri aliona anasema kweli tu kwa mtu aliyemuuliza kweli.

"Hamna hata mmoja aliyekufa kwa kuhara?" Bibi akauliza.

Bwana akacheka, mara ya kwanza labda kwa siku nyingi, na huku anacheka machozi yakamtoka. Bibi akageuka akanambia, "Ukoo wa wauaji, lakini ukoo. Hata sisi hatukuja hapa kwa kusoma kasida." Jioni ile ile mama alikuwa na kichanga kifuani, na kichanga kilinyonya hata kikakohoa.

Basi tukahamia maisha ya nyumba mbili. Asubuhi namsaidia Bibi kupika vitumbua, kisha nafuata ngazi za Wazungu, ambako kulinukia siagi, ngozi ya viatu, na dawa ya mbu. Kazi yangu ilikuwa kusugua shaba za milango kwa ndimu na majivu mpaka vidole vinichonyote, na kumpepea mtoto anapolala. Bibi akaingiza nasaba ya Wazungu katika kisomo chake cha Alkhamisi, nyuma ya yetu, na kwa kuwa majina yao yalimkwama kooni aliwaita kwa vifo na mauaji yao: mtoto wa Bwana, bin mwenye kiti, bin waziri, bin mfunga watu mizingani, bin mpiga bastola, bin mchoma vijiji, bin aliyekatwa kichwa. Mimi na watoto wa jirani tukaigeuza nasaba ile mchezo. Papai bovu ndilo kichwa, panga la kukatia kuni ndilo mfalme. Tulilikata papai, mbegu zikamwagika kama damu nyeusi, tukacheka mpaka tumbo likauma. Siku hizi nikiona papai linakatwa nageuza uso.

Nilikuwa na kaka mmoja. Ndiye mwanamume pekee aliyebaki katika mlango wa ukoo wetu, na Bibi alikuwa akimtazama kama mtu anavyotazama taa ya mwisho yenye mafuta. Alikuwa askari wa kasri la Seyyid, sultani wetu, kijana wa mabega mapana, mcheshi, mwenye kuvaa kilemba upande. Akiwa na nafasi alikuja nyumba ya Bwana kumchukua yule mtoto, akamweka mabegani, akampeleka kuwaona farasi wa Seyyid. "Mdogo wangu huyu," akiwaambia watu sokoni, na watu wanaangua kicheko kwa kumuona mtoto mwekundu kama pilipili juu ya kichwa cha askari wa Kiarabu. Mtoto neno lake la kwanza lilikuwa "kaka." Bwana akilisikia dirishani, anatabasamu.

Kisha Seyyid akafariki ghafla, na kabla mji haujamaliza kumlilia, jamaa yake mmoja akaingia kasri akakaa kwenye kiti. Waingereza hawakumtaka. Manowari zikajipanga mbele ya kasri, karibu kiasi cha kuwaona mabaharia wanafua nguo. Ndani ya kasri wakaingia askari, watumwa, watu wa mjini wenye bunduki na wenye marungu. Kaka yangu alikuwamo. Amri ikatoka: bendera ishushwe kabla ya saa tatu asubuhi ya pili yake, isiposhuka mizinga itasema.

Alasiri ile wanawake wa Kizungu walipelekwa kwenye meli ya abiria iliyokuwa bandarini. Mama alitakiwa aende na mtoto, nami nikachukuliwa nimsaidie. Bibi alikuwa amekuja kutuletea nguo. Bwana aliingia jikoni, mahali asipoingia kamwe, akamwambia mama, "Mwanao yumo kasri?"

"Yumo, Bwana."

"Mwambie atoke. Kabla ya saa tatu. Tafadhali, huu si mchezo."

Mashua ilikuwa inangoja, watu wanapiga kelele tuteremke. Mama akamshika Bibi mabega, kitu ambacho hakupata kukifanya. "Mama, nenda wewe. Mwambie mwanangu atoke. Mwambie mimi nimesema."

"Nenda zako," Bibi akasema. "Mimi ntasema naye."

Usiku ule melini mama alilala vizuri. Asubuhi tulipewa chai na mkate, na mabibi wa Kizungu wakapanga viti kwenye sitaha, wenye darubini wakazitoa. Ilipofika saa tatu, bendera nyekundu bado ilikuwa juu. Mzinga wa kwanza ulinipiga kifuani kabla sijausikia. Kisha sikusikia kitu tena ila ngurumo moja isiyo na mwanzo wala mwisho. Niliona kuta zikifunguka na vyumba vikabaki wazi, vitanda na makabati yananing'inia. Niliona watu wanaruka kutoka barazani huku nguo zinawaka. Farasi mmoja alitoka mbio hadi ufukweni, matumbo yake yanaburuzika, akaingia baharini, akalala. Merikebu ya Seyyid ilijibu kidogo, ikapigwa, ikaanza kuzama taratibu. Bibi mmoja wa Kizungu karibu nasi alikuwa anatapika. Mwengine anapiga makofi.

Mama alimziba mtoto masikio. Alikuwa ametulia, rafiki yangu, na utulivu ule ndio unaoniamsha usiku hata leo. Alinivuta kwake, akanambia sikioni, "Usilie. Kaka yako keshatoka. Saa hii yuko nyumbani na bibi yako, wanakunywa kahawa."

Haikuchukua muda. Chai ya baadhi ya mabibi ilikuwa haijapoa.

Tuliporudi pwani, moshi ulikuwa unauma macho, na sehemu nyingine za mji zilikuwa zinaporwa. Nyumbani hapakuwa na kahawa. Bibi alikuwa amekaa juu ya jamvi, barakoa mkononi, uso mtupu. Mama hakuuliza. Alitoka vile vile, nami nyuma yake, mpaka uwanja wa kasri. Pale maiti zilikuwa zimelazwa safu, na nyingine hazikuwa za kulazwa, zilikusanywa kwa majembe. Kaka tulimjua kwa mguu, kwa kovu la mwiba wa pweza alilolipata utotoni. Kichwa hakikuwepo. Mama alivua kanga yake ya juu akamfunika, akabaki na ya chini, mbele ya wanaume wote, hakujali. Mimi nilikumbuka mapapai, nikaanguka.

Mwiba wa pweza, nimesema? Pweza hana mwiba. Taa, samaki taa. Uzee huu. Lakini mguu naukumbuka.

Mama aliamini kaka amekaidi. Alilisema matangani kwa kila aliyekuja, "Aliambiwa atoke, mwanangu, kichwa kigumu," na Bibi amekaa hapo kimya anahesabu tasbihi. Tanga lilipoondolewa, Bibi akavaa, akatwambia tumfuate.

Nyumba ya Bwana ilikuwa imejaa wageni, maofisa wa manowari na wake zao, gilasi mikononi. Bibi alipita katikati yao kama hawapo. Akasimama chini ya ngazi, akaanza kusoma nasaba, kwa sauti ile ile ya Alkhamisi, lakini kwa ukubwa wa kusikika barabarani. Huku anapanda. Kwa kila picha anaigonga kwa kidole: aliyekatwa kichwa, mchoma vijiji, mpiga bastola, mfunga watu mizingani, waziri, mwenye kiti. Alipofika juu, Bwana alikuwa amesimama pale. Bibi akamgonga kifua kwa kidole kile kile.

"Na huyu, aliyemuua ndugu wa ziwa wa mwanawe."

Wageni hawakuelewa, wengine walitabasamu. Bwana alikuwa mweupe kama chokaa. "Nilituma neno," akasema. "Nilisema atoke."

"Neno! Ndugu haambiwi toka nikupige. Ndugu unazuia mkono wako."

"Mkono haukuwa wangu. Mimi niliweza neno tu. Nililituma."

Hapo mama, aliyekuwa chini ya ngazi, akainua uso. "Mama," akasema. "Ulimwambia?"

Bibi hakugeuka. Lakini hakuwa mwongo, hata siku moja. "Nlimwambia akae," akasema. "Nlimwambia, umekula chumvi ya kasri usiikimbie, na upande wa pili una ndugu. Hapana mtu mwenye asili atakayepiga nyumba alimo nduguye. Nliujua ukoo wake. Nliuuliza mwenyewe."

Mtu angetazamia mama apige kelele. Mtoto wa Bwana alikuwa amemsikia, akaja mbio, akamshika kanga, anataka kunyonya, maana alikuwa hajaachishwa. Mama akakaa pale pale kwenye daraja la kwanza, mbele ya maofisa na gilasi zao, akafungua kifua, akamnyonyesha. Wanaume wakageuza nyuso. Mtoto akauliza, "Kaka?" Mama akamwambia, "Nyonya." Alipomaliza akamfuta mdomo, akambusu utosini, akamkabidhi mama yake aliyemzaa, tukatoka. Mwaka ule ule walirudi Ulaya.

Bibi hakusoma nasaba tena, yetu wala yao. Siku moja nilijisahau nikaanza kuisoma huku napepeta mchele, na mama, ambaye hakupata kunipiga, alinipiga kwa mwiko mpaka ukavunjika. Wawili wale walikula sinia moja mpaka Bibi alipokufa, na sikumbuki neno walilosemezana zaidi ya chumvi na maji. Mimi nilimpenda Bibi, nampenda hata leo, na sijamsamehe. Bwana pia sijamsamehe, ingawa najua alituma neno.

Ilipozuka vita ya Wazungu na Wazungu huko bara, nami nimeshaolewa na kuachwa, siku moja mlango ulibishwa. Alikuwa ofisa kijana, mrefu, pua nyembamba, na karani wa mjini wa kumtafsiria. Kiswahili chote kilikuwa kimemtoka. Baba yake alikuwa amemwambia kwamba ana mama mwengine Unguja, basi amepita kumuona kabla ya kuvuka. Mama alikuwa karibu haoni. Alimpapasa uso, masikio, mabega, kama mtu anayechagua kitambaa gizani. Alicheka. Sikuwa nimemsikia anacheka tangu nilipokuwa mtoto.

Kijana akasema kitu, karani akakitafsiri: "Anasema baba yake alimhadithia kulikuwa na kaka aliyekuwa akimbeba kwenda kutazama farasi. Anauliza yuko wapi."

"Kafa," mama akasema.

"Anauliza, kwa nini?"

Karani alikuwa mtu wa mji, alijua. Alitazama chini. Mimi nilikuwa nimeshainuka, maneno yote yamenijaa mdomoni tangu utotoni. Mama akanishika kifundo cha mkono, kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

"Homa," akasema. "Mwambie, homa."

Kijana alipokwenda zake nilimpigia mama kelele. Mtu mzima mimi, nilipiga ukuta kwa ngumi. Alinisubiri nimalize.

"Huyu bado hajaua mtu," akasema. "Na kule anakokwenda anyong'onyee kwa nini, kwa dhambi ya babake? Mwanangu huyu. N'mtwishe na hilo?"

Hakurudi. Yule karani ndiye aliyetuletea habari, kwamba kafa porini bara, na kwamba hakuwa na ndugu wala mke, na ile nyumba yao kubwa na kiti chao vimekosa mtu. Mama akatandika jamvi, akakaa tanga. Majirani wakanong'ona, mama wa Kiislamu analilia Mzungu. Akawaambia mwanawe amekufa, anayetaka kumpa pole aingie, asiyetaka apite.

Sasa mama naye hayupo. Wanawake wa leo wananunua maziwa ya kopo, na hapana anayegonga mlango wa mtu kuuliza ukoo. Zile koo mbili, zilizohesabiwa mwanamume baada ya mwanamume, upanga baada ya upanga, zilikatika mikononi mwa mama yangu mmoja. Nimebaki mimi tu ninayezijua zote mbili, kwa mpango, bila kukosea. Na katika zote mbili, rafiki yangu, mimi simo. Watoto wa kike hawahesabiwi.